Masafa Niliyokuchagulia, Baba

Dar es Salaam,
Jumapili mchana.

Baba,

Shikamoo. Nakuamkia tena, shikamoo, maana ile ya kwanza ni ya heshima ya kila siku na hii ya pili ni ya kukuomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujaikunja barua. Mugonile, mmeamkaje hapo Ndandalo? Mguu unaendeleaje? Mama bado anakohoa asubuhi? Mpunga wa bondeni mmeuwahi, au maji yamewatangulia? Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, na kila asubuhi nafungua duka hapa Kariakoo. Moyo ndio hauna raha, na sina wa kumlaumu.

Barua ya dada Tusekile ilinifikia Jumanne. Ameniandikia kwamba Shangazi Kissa amezikwa kule Mbozi bila wewe kuwapo. Ameniandikia pia jinsi mwanawe alivyokuja nyumbani wiki moja baada ya mazishi, akakaa kibarazani bila kugusa chai, akasema, "Mjomba, tulikutangaza redioni mara tatu. Tulikungoja siku nzima na kaburi liko wazi. Mbona hukuja?" Tusekile anasema uliitazama ile redio mpya niliyokuletea Krismasi, kisha ukamjibu, "Nilikuwa nimelala na malaria, mwanangu. Nisameheni."

Baba, hukuwa na malaria. Tusekile ameniambia siku zile ulikuwa shambani unapunguza matawi ya kakao.

Hapo niliishia kusoma, nikaiweka barua chini ya kaunta. Mteja alikuwa anauliza bei ya feni, nikamjibu hovyo mpaka akaondoka.

Niseme kwanza lile unalolijua. Ile redio yako kuukuu, ya mbao, iliyofungwa kiunoni kwa mpira wa baiskeli ili betri zisitoke, niliichukua nikisema naipeleka kwa fundi. Haikuwa mbovu. Niliionea aibu. Wageni wa Krismasi walikuwa wamejaa uani, na mimi ni mtu wa Dar, muuza redio, siku hizi za ruksa ambapo kila meli inashusha kitu kipya. Nikaona baba yangu hawezi kukaa na sanduku lile. Nikakuletea ya spika mbili, yenye taa nyekundu na mahali pa kanda. Watoto wa jirani walipiga kelele. Uliishika kwa mikono miwili ukanishukuru, "Ndaga fijo, mwanangu." Nilifurahi hata nikasahau kazi yangu.

Kazi yangu ni hii: mtu akija kununua redio, swali la kwanza namuuliza anakwenda kuisikilizia wapi. Wa hapa mjini namuuzia ya FM, maana hizi redio mpya za watu binafsi zinapatikana safi kabisa, lakini haziendi mbali, zikikuta mlima zimekwisha. Wa kwenda mikoani namwambia atafute yenye masafa mafupi, hata kama inapiga mluzi na sauti inakuja ikipotea, kwa sababu ndiyo itakayomletea redio ya taifa mchana. Masafa ya kati ni ya jioni, au ya aliye karibu na mtambo. Haya nawaambia watu nisiowajua kila siku. Baba yangu mzazi sikumuuliza. Waswahili walisema mganga hajigangi.

Redio niliyokuletea ina FM na masafa ya kati tu. Hapo kwetu FM ni mchanga mtupu, inakwaruza tu. Kwenye masafa ya kati mchana ni Malawi, na Tusekile ananiambia Mama amezoea sasa, anajua nani kafiwa Karonga na harusi ya nani imeahirishwa. Yaani nyumba yetu ilikuwa ikisikiliza misiba ya ng'ambo ya mto wa mpakani wakati wa kwetu unatangazwa. Wewe hukulalamika hata siku moja. Kila nilipoandika kuuliza, Tusekile alijibu kwamba Baba anasema redio ni nzuri, inang'aa.

Ningetamani barua iishe hapa, nikuombe radhi kwa ujinga, na wewe unisamehe kama kawaida yako. Ujinga una nafuu yake. Lakini liko jingine ambalo Tusekile halijui, wala wewe hulijui.

Nililisikia tangazo.

Ile redio yako sikuipeleka kwa fundi. Ilikaa huku dukani kwenye rafu ya nyuma. Mchana ule tajiri yangu alikuwa amekwenda kula, na mteja mmoja mzee akataka kujua kama redio za zamani zinazishinda hizi za sasa. Nikaiteremsha ili nimchekeshe. Mshale ulikuwa palepale ulipouacha, kwenye alama uliyokwaruza kwa kisu. Nikawasha, ikapiga mluzi, ikatulia. Ilikuwa saa ya matangazo ya vifo. Mtangazaji akasoma jina la Shangazi, akasema habari zimfikie kaka wa marehemu, Andwele wa Ndandalo, Wilaya ya Kyela, na kwamba mazishi yanamngoja yeye.

Unajua nilifanya nini? Nilimwambia yule mzee, "Huyo anayeitwa ni baba yangu." Mungu anisamehe, nilisema kwa majivuno kidogo, kwa kuwa jina lako limetajwa nchi nzima. Akanipa pole. Nikamwambia nyumbani wameshasikia, baba hakosi matangazo ya mchana. Nikaendelea kuuza. Ilipita kama saa moja ndipo nikaitazama ile redio na kuelewa kwamba aliyeitwa yuko Ndandalo na sikio lake liko Kariakoo, na kwamba mimi ndiye niliyelichukua.

Posta, penye simu, ilikuwa bado wazi, Baba. Pale Kyela mjini liko lile duka la jumla lenye simu, na mwenyewe anakufahamu, angemtuma mtu kwa baiskeli, na jioni hiyohiyo ungepata habari. Asubuhi ungepanda basi. Shangazi ungemkuta. Nilifika hadi mlangoni mwa posta, nikasimama. Nilianza kujiambia labda mmesikia kwa jirani, labda kanisani wametangaza. Ukweli ni kwamba kupiga simu kungekuwa kukiri kwamba ile zawadi ya kung'aa ni takataka. Nikarudi dukani. Siku ya pili sikwenda kabisa.

Namfikiria Shangazi. Uliwahi kunisimulia kwamba bibi alipofariki yeye ndiye aliyekulea, msichana mdogo bado, akipokea vyungu vya Ikombe vilivyoletwa kwa mtumbwi na kuviuza Matema ili wewe usikose darasani. Mtu wa namna hiyo amewekwa kaburini huku watu wake wakitazama barabara kama kaka anakuja. Na sasa huko Mbozi wanajua kwamba kaka alishikwa na homa siku hiyohiyo. Baadhi yao, nadhani, hawaamini.

Redio yako nimempa kondakta wa basi la Alhamisi, yule wa Ipinda anayekufahamu. Nimeitia betri mpya, sijagusa mshale. Mchana iache masafa mafupi, palepale kwenye alama. Jioni ikianza kupotea, igeuzie masafa ya kati. Iwe kibarazani, antena iegemee dirisha. Ile ya kung'aa mpe Tusekile apigie kanda za kwaya, na Mama akiitaka Malawi yake, wapatane.

Nisalimie Mama, nitamwomba radhi ana kwa ana. Nisalimie dada Tusekile, mwambie namshukuru kwa kuandika bila kunificha. Msalimie mchungaji wenu na wazee wenzako wa kanisa.

Wewe ni mzee wa kanisa, Baba, na tangu utoto wangu sijakusikia ukisema uongo, hata wa kumtania mtoto. Ule wa malaria umeusema mbele ya mpwa wako mfiwa, kwa ajili yangu, na utaendelea kuubeba kila mtu wa Mbozi akikuuliza habari za afya. Nimeomba ruhusa kazini. Tajiri ameguna, hakusema kama nafasi yangu nitaikuta. Nasafiri Jumatatu, si ya kesho, ile inayofuata, lakini sitakuja moja kwa moja. Nitashukia Mbozi. Nitakaa mbele ya wakwe na watoto wa Shangazi, niwaambie kwamba mjomba wao hakuwa na homa, alikuwa mzima shambani, na angekuja hata kwa miguu kama mimi nisingelinyamazia tangazo nililolisikia. Wakinifukuza, nitakuwa nimeshasema. Baada ya hapo ndipo nitakuja Ndandalo, na utakaloniambia nitalipokea.

Ni mimi mwanao, niliyesikia nikanyamaza,

Ambokile