Nyuzi za Gitaa la Elia

Marahaba, mjukuu wangu Neema.

Kuna jambo nimelificha tangu ujana, na sasa sina muda wa kuendelea kulificha. Hapa Gonja mvua zimeanza, na babu yako mdogo Elia huniletea uji kila asubuhi.

Unauliza kwa nini nyuzi za gitaa la besi nililokupa ziko juu hadi vidole vinakuuma. Zishushe. Pale chini zinapokalia kuna skrubu ndogo. Zungusha kidogo kidogo, na uzi ukianza kukwaruza vyuma vya shingo, rudisha kidogo.

Gitaa hilo lilikuwa la kwaya, na mpigaji alikuwa Elia, mdogo wangu. Siku ya kuchagua kati yetu wawili mpigaji wa kwenda mashindanoni Same, vidole vyake vilishindwa. Mwalimu akamtania, "Elia, jembe la tangawizi limekumaliza!" Watu wakacheka.

Elia akanikabidhi gitaa. "Chukua, kaka. Mikono yangu imekwisha." Hakulishika tena.

Nililipiga miaka mingi kwa maumivu, kwa sababu kuzishusha nyuzi kungenifichua. Kesho akileta uji nitamwambia. Mikono yake haikuwa na kosa. Asubuhi ya siku ile ya kuchagua, yeye akiwa shambani, nilizipandisha mimi.

Babu yako