Ukaguzi wa Pikipiki ya Baba Yako

Mwanangu,

Huku tu wazima, ila goti langu limeanza kiburi.

Ulisema fundi aikague pikipiki ya marehemu baba yako kabla mnunuzi hajaja. Fundi aliisifia, lakini sifa za fundi nazijua, basi nikamwambia anifundishe niikague mwenyewe. Huu ni mwezi wa tatu naikagua.

Siti iko chini, miguu yangu yote inafika ardhini. Usukani unanijia wenyewe, nakaa kama niko kwenye kochi. Kuigeuza uani ni kazi: nimeshaangusha kamba ya nguo mara mbili, na shuka za jirani juu yake. Barabarani lakini haina papara, sokoni inanifaa.

Injini inakoroma kama baba yako. Juzi kwenye taa nyekundu nikajikuta naiambia, "Geukia ukutani, mume wangu." Nikalia kidogo, taa ikawa kijani, nikaondoka.

Mwambie mnunuzi asijisumbue. Akishikilia sana, nitamfungulia siti ya nyuma aende nayo. Hiyo nimeikagua miaka thelathini: huoni kitu ila mgongo wa mtu.

Mama yako, dereva