Inchi Tatu

4 Februari

Baba Mdogo,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Na masikio? Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho nilikuuliza habari za jicho ukanijibu habari za mvua, nikaona bora niandike. Huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua, ila mdomo wake haujaguswa na ugonjwa wowote. Anakusalimu.

Nimenunua pikapu, Baba Mdogo! Mpya, si mpya ya kuambiwa. Viti bado vina nailoni, na Mama amekataza isitolewe. Nimeinunua kwa sababu yake. Mwezi uliopita, akichambua mchele, alisema bila kuinua macho: "Nataka nikae karibu na kaburi la baba yako hata saa moja, kabla sijashindwa kupanda gari." Tangu vita vituondoe kule, miaka thelathini na moja, hajawahi kuomba hivyo. Sasa njia imefunguliwa. Wanaotoka huko wanasema ni mawe matupu, na daraja la mbao limekufa, watu wanapita mtoni.

Ndiyo maana nauliza. Gereji ya jirani wanasema niinue gari inchi nne: springi ndefu, shokapu ndefu, matairi makubwa. Wanasema bila hivyo nitaacha tumbo la gari kwenye mawe. Mke wangu anasema nikiinua ataliita Ngongoti, kama wale wacheza ngoma wa miguu ya miti, na hatapanda. Wewe ni fundi, na ile njia unaijua. Niinue, nisiinue?

Mwanao

26 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Kifua kinakohoa kama injini ya dizeli asubuhi, kikishapata moto kinatulia. Masikio niliyaacha gereji, chini ya nyundo za watu. Macho bado ni yangu. Nasoma hadi karani wa maktaba ananisogezea kiti kabla sijafika. Nisalimie shemeji.

Hongera kwa gari. Jibu ni hili: usiinue.

Gari likipanda juu, uzito wake unapanda nalo. Kwenye kona litainama, na kwenye mteremko wa pembeni litakutafutia mahali pa kulala. Mama yako ana magoti mabovu. Utampandishaje, kwa winchi? Matairi uliyopewa yanatosha. Punguza upepo kidogo kwenye mawe, teremka utazame kabla hujapita, panga mawe kwa mkono wako. Wanaume wa zamani walifika kule na magari ya chini kuliko hilo.

Springi acha kama kiwanda kilivyozipanga. Usiwasikilize vijana wa gereji. Usiinue hata inchi moja.

Sanduku langu la vifaa liko chini ya kitanda, lile lile la bluu. Ningekuwa karibu ningekuja nalo, nikalale chini ya gari lako nione lilivyo. Lakini mimi huko siji, unajua.

Baba Mdogo

19 Machi

Baba Mdogo,

Shikamoo tena. Pole na kikohozi. Sisi wazima, mtoto ameota meno mawili na anauma kila anayempenda.

Barua yako niliisoma kwa sauti mezani. Nilipofika "hata inchi moja", Mama akacheka mpaka akashika meza. "Nani anasema hivyo? Huyo? Huyo ndiye aliyeinua lile la baba yako! Nililipandia kwa kigoda!" Kisha akainuka ghafla, akaenda kuosha vikombe. Vilikuwa safi, Baba Mdogo. Niliviosha mwenyewe.

Sasa niambie. La baba uliinua, langu unakataza? Au umezeeka umekuwa mwoga? Usinikasirikie, ni utani. Lakini nina maswali ambayo si utani. Kila nikiuliza baba alikufaje, naambiwa "gari lilimshinda kwenye mteremko", basi. Nilikuwa na miaka minne. Nakumbuka mgongo wa Mama na vumbi.

Gereji wamenipa nafasi tarehe ishirini Aprili. Nikikosa sababu ya kweli kabla ya hapo, naliinua.

Mwanao

8 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na salamu kwa wote, hata kwa mwenye meno mawili. Barua hii nimeiandika mara tano. Nitaipeleka posta mwenyewe leo ili nisiichane tena.

Umeomba sababu ya kweli. Siku ile tulikuwa na muda wa kuanzia asubuhi hadi jua kuzama, tuwe tumeondoka. Milio ya bunduki ilikuwa imeshavuka kilima. Pikapu ya baba yako ilipakiwa vitanda, magunia, cherehani ya mama yako na sanduku langu la vifaa, na springi za nyuma zikalala kabisa. Njia ile ina jiwe katikati, difu, lile tumbo la ekseli ya nyuma, ingegonga. Kaka akaniambia, "Fundi, fanya kitu." Aliniita fundi tangu nina miaka kumi na mbili; nilipotengeneza redio yake alisahau jina langu.

Nilikata vipande vya chuma, nikavipachika kati ya ekseli na springi, nikafunga kwa bolti ndefu. Inchi tatu. Gari likasimama kama meza. Mama yako akaletewa kigoda, na watu wakacheka, siku ile ambayo hakuna aliyekuwa na kicheko.

Sasa sikiliza. Nyuma ya gari lile kulikuwa na mpira mmoja wa breki, uliotoka kwenye fremu kwenda kwenye ekseli, na mafuta ya breki yalipita humo. Ukiinua gari, mpira unahitaji kuwa mrefu zaidi. Nilijua. Nililala chini nikautazama: ulikuwa umevutika. Niliugusa kwa kidole kimoja, hiki ninachoandikia, nikausikia umekaza. Sikuwa na mwingine. Ningeweza kuviondoa vile vyuma, tukapunguza mizigo. Nilisema moyoni, utafika.

Kaka akachungulia dirishani. "Fundi, tayari?"

Nikasema, "Tayari."

Mlitangulia, ninyi watatu. Mimi nilifuata kwa baiskeli. Nilipofika kwenye mteremko, gari lilikuwa chini korongoni, na mama yako ameketi kando ya njia amekupakata. Watu walisema mliruka. Sikumuuliza. Sikuwa na uso wa kumwuliza. Tulimzika kaka pale pale juu ya korongo, kwa sepetu ya kuazima, nami nilivuka mpaka peke yangu. Mama yako amebaki akidhani ni mteremko. Ni mimi.

Watu walilitoa sanduku langu kwenye lile gari na kunikabidhi. Halikuwa na mkwaruzo. Nimelila kwa miaka thelathini na moja: kila spana niliyoshika, kila mlo.

Nikipanda basi, mguu wangu wa kulia unakanyaga sakafu, unatafuta pedeli. Watu wananitazama. Na kila asubuhi, nikivaa viatu, namsikia. Nimekuwa kiziwi kwa kila mtu isipokuwa yeye. "Fundi, tayari?" Na kila asubuhi namjibu lile lile.

Usiinue. Ukikaidi, tazama mipira ya breki. Itazame gurudumu likiwa linaning'inia, si likiwa chini.

Mwambie mama yako, au usimwambie. Nimekupa wewe mzigo huo, na hata hilo si haki.

Baba Mdogo

2 Juni

Mwanangu,

Hamjambo? Sijapata neno lako. Labda posta. Karani wa maktaba ana binti anayejua kutafuta habari za ajali kwenye simu. Nilimwomba atafute, halafu nikamwambia aache.

Andika neno moja tu: mmefika salama au hamjaenda.

Baba Mdogo

11 Julai

Mwanangu,

Kama ni hasira, ni haki yako, kaa nayo. Lakini mwambie hata mkeo aandike bahasha tupu, nione mwandiko.

Ba. M.

30 Julai

Baba Mdogo,

Shikamoo. Tuko wazima, sote. Nimeanza na hilo.

Barua yako ilifika tarehe ishirini na mbili Aprili. Gari lilikuwa limeinuliwa siku mbili kabla. Lilikuwa limeegeshwa nje, refu, majirani wanapiga nalo picha. Niliisoma nimesimama kwenye kivuli chake.

Nilikuchukia, sitaficha. Nilikaa kwenye ngazi nikahesabu vitu ambavyo baba hakuviona. Kisha nikachukua jeki. Niliinua upande wa nyuma mpaka gurudumu likaning'inia, nikaingia chini na tochi. Mipira ilikuwa ile ile ya kiwandani. Hawakuibadilisha. Gari likiwa chini ilionekana sawa, lakini gurudumu liliponing'inia mpira wake ulikuwa umekaza, ukiugusa unalia kama uzi wa gitaa. Niliugusa kwa kidole kimoja. Nikatoka chini nikalishusha gari kwenye jeki.

Nililirudisha gereji. Fundi akasema, "Wote tunafanya hivyo, mzee, haijawahi kuleta shida." Nikamwambia ashushe gari lirudi kama lilivyotoka kiwandani, nami nikasimama pale hadi bolti ya mwisho. Mke wangu amesikitika, alishaanza kuzoea Ngongoti.

Sikukuandikia kwa sababu sikujua niandike kama mwana au kama yatima. Na Mama sikumwambia. Nilikuwa na woga kwamba atakuchukia, halafu nitabaki bila baba hata mdogo.

Tulienda wiki iliyopita. Tulifanya ulivyosema: nilipunguza upepo, nikapanga mawe. Mtoni gari lilikataa. Tumbo liligonga mara moja, nikalirudisha nyuma. Mama akasema, "Basi, tutatembea." Alitembea saa mbili, Baba Mdogo, kwa fimbo na bega langu, akitukana kila jiwe kwa zamu yake.

Gari la baba bado liko korongoni. Limebaki kopo, mti umepita mahali palipokuwa na injini. Nilishuka nikatafuta ule mpira. Haupo. Watu wamechukua kila kilichofunguka. Nilipopanda nilikuwa nalia, na pale kando ya kaburi nikamwambia Mama kila kitu, kama ulivyoandika.

Hakushtuka. Alikuwa anang'oa majani juu ya kaburi, akaendelea kung'oa. Akasema, "Kwa hiyo na yeye alijua."

Nakuandikia maneno yake, maana ameniambia niyaandike yote.

Anasema gurudumu la nyuma lilitumbukia kwenye shimo kabla hatujafika daraja la mbao, na pedeli ya breki ikazama. Baba akaikanyaga mara mbili, haikurudi. Alisimamisha gari kwa handibreki juu ya mteremko, akachungulia chini yake, akarudi anafuta mikono kwenye suruali. Akamwambia, "Shuka na mtoto, mnyooshe miguu." Hatukuruka, Baba Mdogo. Alitushusha. Mama akamwambia waliache gari wote watembee. Akakataa. Akasema, "Sanduku la mdogo wangu limo. Bila hilo huko tuendako atakula nini? Nitashuka kwa gia namba moja, polepole kama bibi harusi." Akaingia. Kisha akatoa kichwa dirishani: "Na fundi usimwambie. Atajilaumu mpaka kufa."

Mama akaahidi. Ameitunza ahadi hiyo miaka yote, ndiyo maana hakukuandikia. Anasema alihofia kalamu ingeteleza.

Anasema: "Mwambie nimevunja ahadi kwa sababu haikusaidia kitu. Mwambie aje. Nimezeeka, sina mtu mwingine anayemkumbuka mume wangu akicheka."

Gari liko chini, lilivyokuwa. Mama anapanda bila kigoda.

Mwanao

21 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Na kwa shemeji, shikamoo, ingawa hakuna desturi inayonitaka nimwamkie hivyo. Namwamkia.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimeketi sakafuni, sanduku liko mbele yangu. Sikuwahi kulifungua bila kazi. Nimetoa kila kitu nikakipanga kwenye gazeti: spana, nyundo, bisibisi yenye mpini uliopasuka. Nilikuwa nikidhani vitu hivi viliokoka kwa bahati. Kumbe vina mwenyewe aliyevisindikiza.

Sitakuambia kwamba nimepata nafuu. Zamani nilikuwa na kosa langu peke yangu, nikijua kila kona yake. Sasa limeingia mtu mwingine ndani, anafuta mikono kwenye suruali, ananihurumia, na sijui nimweke wapi.

Nitakuja. Basi linaondoka tarehe tatu, linafika kwenu tarehe sita adhuhuri. Nitakaa kiti cha nyuma kwa sababu ya mguu. Sanduku nakuja nalo, ni zito, uje na gari. Tutaenda kule tukiwa na shemeji, na pale mtoni tutatembea. Lakini kabla ya safari nitalala chini ya gari lako nitazame mipira yote minne, magurudumu yakiwa yananing'inia. Usiniharakishe.

Leo asubuhi nilikuwa navaa viatu. Akaniuliza kama kawaida, "Fundi, tayari?"

Nikamwambia, "Bado, kaka. Ngoja kwanza nichungulie chini."

Baba Mdogo