Malkia Asiyeulizwa

Bangwe, Kigoma

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, Mama. Magoti yanaendeleaje? Na mvua, imewafikia huko Masasi? Mimi mwili mzima, ila moyo hautulii. Tangu nianze barua hii nimeinuka mara tatu, nikashuka hadi ufukweni wanakoanika dagaa, nikarudi. Ningepiga simu, lakini kwa simu ungenikatiza nami ningelia. Mwalimu mwenzangu anakuja likizo huko, ndiye atakayekukabidhi barua hii.

Habari yenyewe ilianzia darasani. Wasichana wangu wa kidato cha tano niliwapa kazi ya kulinganisha shairi la mapenzi na tamthilia ya tanzia: nani ana nguvu juu ya nani? Katika shairi, mwanamume anamwita mpenzi wake malkia, na yeye mwenyewe anajiita mtumwa wake. Katika tamthilia, mke wa jumbe anasimama barazani na kumkataza mumewe asimpeleke mtoto wao vitani. Jumbe anamfukuza. Mtoto anakufa, na jumbe anabaki peke yake na kiti chake.

Nilidhani jibu ni jepesi. Mwajuma, binti wa Ujiji asiyekosa neno, akasema, "Mwalimu, wa kwenye shairi ndiye mwenye nguvu. Mwanamume amepiga magoti!"

Darasa likacheka. Ndipo akainuka Editha, mtoto wa wakulima wa kahawa wa Kalinzi, ambaye huongea mara moja kwa wiki.

"Mbona huyo malkia hasemi?" akauliza.

"Anapendwa, aseme nini tena?" Mwajuma akamjibu.

"Nimehesabu. Anaambiwa njoo, anaambiwa cheka, anaambiwa usitoke nje jua likakuchoma. Malkia gani huyo anayeamrishwa tu? Yule mke wa jumbe hana kiti, lakini neno lake lilimtisha mumewe mpaka akamfukuza. Mtu asiye na nguvu hafukuzwi, Mwalimu. Anaachwa tu akae."

Mama, nilianza kufuta ubao. Kengele ilinikomboa.

Nilipofika chumbani nikafungua simu nikasoma meseji za Hashimu, moja baada ya nyingine, kuanzia siku mlipopokea posa yake. Najua unampenda. Ulipolazwa, yeye ndiye aliyekuletea uji kila asubuhi, na hilo sitalisahau. Lakini kila anaponiita malkia, chini yake kuna agizo: usiende ziwani na walimu wenzako, badilisha picha yako ya kwenye simu, funga mizigo. Na wiki iliyopita akanitumia barua ya kuacha kazi. Ameiandika yeye kwa jina langu, mimi niweke saini tu.

Jumamosi nilikuwa Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini, kwa fundi, kupimwa gauni la harusi. Nikiwa pale pale, pini zikiwa bado mabegani, nikampigia.

"Hashimu, hii barua hukuniuliza."

"Malkia wangu, mambo hayo usijisumbue nayo."

"Niite Somoe. Nikikataa kuacha kazi?"

Akasema, "Basi hunipendi."

"Hilo si jibu. Nakupenda. Nataka niwafikishe wasichana hawa kwenye mtihani wao. Unaweza kunisubiri, au ukaja tuishi huku. Tuzungumze."

"Nimeshawaambia watu wote unarudi. Unataka nionekane nani?"

Akakata. Fundi, mama mtu mzima, akachomoa pini taratibu bila kuniangalia. "Nishone, binti yangu, au ningoje?" Nikamwambia angoje.

Siku ya tatu Hashimu akaleta ujumbe. Haukuwa na malkia wala mtumwa: mwisho wa mwezi baba yake mdogo atakuja kwako na wazee, wapate jibu kama narudi au sirudi.

Mama, uliwahi kuniambia kwamba siku ya posa yako ulikuwa jikoni ukipika pilau, ukasikia vigelegele, ukajua wameshajibu kwa niaba yako. Ulinisimulia huku ukicheka. Mimi sikucheka, na mpaka leo sijakuuliza kama wewe ulikuwa unacheka kweli.

Sijamkataa Hashimu. Saini ndiyo sikuiweka, na sitaiweka. Akija, nitampokea kwa furaha, nami nitaendelea kumpenda. Asipokuja nitaumia, najua, maana hata sasa naumia.

Nisalimie Bibi, umwambie nakula vizuri. Nisalimie kaka yangu na mkewe. Mjomba atakuwa wa kwanza kukasirika. Mwambie namheshimu, na wala sijaharibikiwa huku.

Wazee wakifika, wakaribishe, wape chai. Wasikuharakishe, na usiwajibu neno kwa ajili yangu, si ndiyo wala si hapana. Nipigie simu, uongeze sauti, uiweke katikati ya mkeka. Nitawaamkia wote kwa adabu. Kisha nitasema mwenyewe.

Mwanao,
Somoe