Raketi Iliyoombewa Kanisani Inaniumiza Kiwiko

Mpendwa Mama Shadya, naomba unisaidie, maana nina zawadi inayoniumiza na aliyenipa siwezi kumwambia. Mimi ni mkulima wa chai na ndizi hapa Lufingo, na Mungu alinipendelea kwa kunipa mke, Lusungu, kwa sababu mwaka jana presha iliponilaza ni yeye aliyeniuguza, na daktari aliposema nitafute mchezo wa kunitoa jasho ni yeye aliyenisukuma niende na rafiki yangu Yussuph, muuza mitumba ya michezo wa Tukuyu mjini, kwenye uwanja wa zamani wa tenisi, ule wa saruji ulioota majani pembeni, tukawa tunacheza kila Jumamosi mvua ikikatika, kwa raketi zake mbili kuukuu, na Lusungu anakuja na chupa ya chai, anatuokotea mipira, na akiturushia anarusha kwa nguvu hadi Yussuph anaruka pembeni, tunacheka sana. Presha ikashuka. Basi mke wangu kwa furaha akauza nguruwe wake, akaenda Mbeya, muuzaji akamwambia hii ndiyo raketi ya mabingwa, akainunua, na Jumapili ya shukrani akanikabidhi mbele ya kanisa zima, mchungaji akaiombea, kwaya ikaimba, nikalia machozi ya kweli. Nilisema, "Ndaga fijo, mke wangu," na asante hiyo ilitoka moyoni. Lakini mama, raketi yenyewe ni nzito, nyuzi zimekazwa mno, mpini mnene haukai mkononi, kila nikipiga mpira mtikisiko unapanda hadi kiwikoni, sasa hata chai nachuma kwa mkono mmoja, na nimemdanganya kwamba ni jembe, naye ameamini, kila jioni ananikanda kwa maji ya moto, na juzi akasema, "Baba Ezron, shamba niachie mimi, wewe ukacheze tu," roho ikaniuma kuliko kiwiko. Nikisema ukweli nitaonekana nimeidharau shukrani yake. Nikinyamaza mkono unakwisha. Nifanye nini?

Anyitike, Lufingo

Anyitike baba, pole kwa mkono, na hongera kwa mke. Wanaume wangapi wananiandikia kulalamika kwamba hawapendwi, wewe unaandika kwa sababu umependwa kupita kiasi! Ila hapo kwenye jembe umenikera. Mwanamke anakukanda kwa maji ya moto, wewe unamkanda kwa uongo. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Mimi naswali msikitini, lakini sidhani mchungaji wenu aliiombea fremu. Aliiombea afya yako, na dua hiyo haitatoka ukibadilisha raketi. Leo jioni, akishika huo mkono, mwambie: "Ndaga fijo, mama Ezron. Jembe nililisingizia. Raketi ni ya mabingwa, na mimi si bingwa." Atanuna kidogo, mwache anune. Kisha mwachie yeye aamue iuzwe kwa vijana wanaoshindana huko Mbeya au ibaki ukutani. Zawadi ni yake, usiiuze kwa siri.

Mkishapatana, nendeni wote wawili kwa Yussuph siku anapofungua mzigo, mkatafute raketi. Mtu anayecheza kwa kujifurahisha hahitaji jina kubwa. Chukua nyepesi, yenye kichwa kipana, maana hiyo inakusamehe ukipiga vibaya. Ushike mpini: kati ya ncha za vidole na kiganja ibaki nafasi ya kupita kidole kimoja. Igonge fremu kwa kiganja. Ikilia kama kibuyu kilichopasuka, irudishe. Nyuzi zisikazwe sana. Na kiwiko kipumzike hadi kipone, kisipopona uende hospitali.

Umeona nimesema nendeni wote wawili? Soma tena barua yako, baba. Mwanamke anakuja kila Jumamosi, anaokota mipira, anairusha hadi watu wazima wanakimbia, na wewe unacheka! Hukujiuliza kwa nini alijua raketi ndiyo zawadi kubwa kuliko zote? Alikupa kitu anachokitamani mwenyewe. Kwa bei ya ile ya mabingwa mtapata za mitumba mbili, na mipira juu. Ya kwanza achague yeye, wewe shika chupa ya chai usubiri.

Mkono ukipona, Lusungu asisimame tena nyuma yako. Asimame ng'ambo ya wavu. Na akikufunga, usisingizie kiwiko.