Jua la Jumatatu

Dodoma, 16 Machi 1989

Mjomba Jamaldini, shikamoo.

Mama anakusalimu. Siku hizi anapata sabuni dukani bila foleni.

Jumatatu saa tano redio ya ofisini, tunayowasiliana nayo na zahanati za vijijini, ilipoteza sauti zote, ikabaki kukwaruza tu. Ulinifundisha kwamba mawimbi yake hudunda kwenye tabaka la juu la hewa, na jua likilivuruga ghafla, hupotea. Sikukumbuka. Nilikuwa nimetoka kugusa swichi, nikadhani nimeiharibu, nikaficha hadi saa nane, sauti ziliporudi.

Kumbe zahanati moja, mbele ya Mvumi, ilikuwa ikiomba gari la kumchukua mjamzito. Mtoto hakuishi.

Bosi wangu, Mzee Octavian, aliniuliza, "Binti, ulilala?"

Nikasema mawimbi yalipotea.

"Basi lete msomi athibitishe. La sivyo, rudi kwenu Zuzu ukauze nyanya."

Naomba uniandikie kuhusu jua, kwa kuwa ni kweli. Lakini redio ikikatika, kanuni yetu ni gari liende kwenye zahanati kuulizia. Gari lilikuwa uani, dereva anacheza bao. Sikumwambia. Hilo hawajaniuliza, nami nimekwambia wewe tu.

Ukiona sistahili barua hiyo, mjomba, usiiandike.

Mpwa wako,
Shamila