Majina Tisa ya Kwenye Jiwe la Bibi

Sauti ya bibi niliifuta mimi. Simu haikuwa na kosa.

Hilo sijamwambia mtu yeyote. Hata kwenye maombi nalizungukazunguka tu. Leo ni Jumapili, saa kumi jioni, hapa Musoma. Upepo wa ziwani unatikisa mabati tangu tutoke kanisani, na mimi nimejifungia chumbani nikisingizia kichwa. Naandika hapa kwa sababu wachache wanaosoma blogu hii hawanijui sura.

Mwaka jana shuleni tuliambiwa kila mmoja alete kitu cha asili ya kwao. Nikaenda Bukima kwa bibi mzaa baba, nirekodi jiwe lake la kusagia. Jiwe la chini lina bonde katikati, laini kama limerambwa. Lile dogo la juu, la kushika kwa mikono miwili, bibi alikuwa analiita mtoto.

Siku za kawaida unga wake ulitoka mashineni kama wa watu wote. Lakini ulezi wa harusi au wa msiba alikuwa anasaga mwenyewe, kwa mkono. Siku ile alianza kwa kuligongagonga jiwe la chini ili lipate meno, maana likikaa bila kazi linateleza. Kisha akapiga magoti.

"Jiwe hili lina wenyewe," akaniambia. "Leo nawataja wote, polepole, hiyo simu yako iwashike."

Kwetu mke hatamki jina la mama mkwe wake. Ni heshima. Kwenye jiwe tu ndipo kuna ruhusa. Anaimba kwa Kijita, na kila anaposukuma jiwe anataja jina moja, kuanzia bibi harusi wa kwanza aliyelikuta jiwe hilo hadi mama mkwe wake mwenyewe. Wanaume hawayajui majina hayo. Mabinti wa nyumba hawafundishwi, kwa kuwa wataolewa kwenye jiwe la watu wengine. Wa kufundishwa ni mke wa mtoto wa kiume, yaani mama yangu, na mama hakuwahi kupiga magoti pale. Alikuwa anacheka: "Mama, haya magoti yangu ni ya kusali tu. Unga nitakuletea wa mashine."

Hayakuandikwa popote.

Nilirudi mjini nikaisikiliza ile video. Nikasikia Kijita. Nikasikia bibi anahema, anakohoa, anakatisha wimbo kunitania: "Wewe, sogea, unga haung'ati!" Nikawaza darasa letu, jinsi wanavyomcheka mtu lafudhi ya kwao ikimponyoka katikati ya Kiingereza. Nikaondoa sauti. Nikaweka kinanda, nikasoma maelezo kwa Kiingereza changu kizuri. Simu ikaniambia imejaa, nikaifuta ile ya mwanzo.

Walinipigia makofi.

Bibi alifariki kabla ya masika kuisha. Juzi tulikuwa Bukima kwenye kikao cha kumaliza msiba, na shangazi, dada yake baba, akaniita mbele ya ukoo mzima.

"Mwanangu, weka ile video. Tumsikie mama akiwataja."

Watu wakasogea. Nilikuwa nimeshazima sauti, kinanda kisisikike. Bibi akaonekana anasukuma jiwe, midomo inacheza, kimya.

"Shangazi, simu ilikuwa mbovu. Haikushika sauti."

Simu ile nilipewa na baba mdogo. Wote wakamgeukia yeye.

"Umempa mtoto simu bubu!"

"Ndiyo kawaida yake huyu, anapenda vya kuokota njiani!"

Wakacheka, naye akacheka. Baadaye nikamwona amesimama peke yake karibu na lile jiwe, anajifuta macho kwa mkono wa shati. Tulipokuwa tunaondoka akaniambia, "Nisamehe, mwanangu. Ningekutafutia nzuri."

Aliniomba msamaha mimi.

Tangu siku hiyo naangalia video bila sauti. Kwa kuwa kila jina lina msukumo wake, nimeweza kuhesabu. Wako tisa. Nimechora mistari tisa kwenye daftari. Wa mwisho namkumbuka tangu nilipoisikiliza, ni Nyangeta, mama mkwe wa bibi. Wa saba nadhani ni Nyabise, sina hakika. Jina la nne linaanza midomo ikiwa imefungwa, labda ni M, labda B. Kwenye la tano bibi ameinama, naona kilemba tu.

Mistari mingine ni mitupu. Hao wanawake walisaga maisha yao yote, na mimi nimewafuta kwa kidole kimoja, kwa kuogopa wenzangu ambao nusu yao bibi zao ni kama bibi yangu.

Shangazi yuko hapa kwetu, kesho asubuhi anarudi Bunda. Amenunua daftari la jalada gumu kwa ajili ya majina. Mchana mezani alisema, "Nitakuja tukae wawili, uniambie unachokumbuka. Hata kimoja." Ameshakuja mara mbili. Mara zote mbili nimelificha daftari langu chini ya mto, nikamfungulia nikiwa nimeshika kitabu cha baiolojia.

Sasa hivi, juu ya ile mistari tisa, nimeandika kwa peni: Sauti niliifuta mimi. Simu ya baba mdogo ilikuwa nzima.

Nikimwambia shangazi, je, atanitazama tena kama mtoto wa kaka yake? Sijui. Ila nikinyamaza, baba mdogo ataubeba mzigo huu mpaka anazeeka.

Nasikia ndala za shangazi kwenye korido. Mkono wangu umeshaenda kwenye mto, kama ulivyozoea.

Nimeurudisha. Daftari langu liko mezani, wazi.

"Uko macho, mwanangu?"

Natoa komeo.